UZI: Dawa za presha na moyo: jua inagusa wapi, madhara utayataja mwenyewe

Mfamasia_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mtu akitoka kliniki na dawa nne mkononi, swali la kwanza ni "zina madhara gani?" Anasomewa orodha ndefu, anaitikia, akifika nyumbani imeshafutika kichwani. Kukariri orodha ni kujitesa bure. Ukijua dawa inagusa sehemu gani ya mwili, madhara yake mengi unayataja bila kufungua kile kikaratasi cha ndani ya boksi, maana mara nyingi dhara ni kazi ile ile ya dawa, ila imetokea mahali ambapo hukuihitaji.

Majina nimeyaandika yanavyotamkwa. Kwenye boksi utakuta "i" ya mwisho haipo au pamekaa "e". Kitu cha kuangalia ni mkia wa jina, kwa sababu ndio unaotaja ukoo: -prili (enalaprili, lisinoprili, kaptoprili), -sartani (losartani, valsartani, telmisartani), -ololi (atenololi, bisoprololi, propranololi), -dipini (amlodipini, nifedipini), -statini (atorvastatini, simvastatini). Karvediloli ni wa ukoo wa -ololi ingawa mkia wake umepinda kidogo. Ukiona vidonge viwili vya rangi tofauti vyenye mkia mmoja, rudi uulize kabla ya kumeza, kwani mara nyingi ni dawa za ukoo mmoja zimeandikwa na watu wawili wasiojuana.

Naanza na -prili na -sartani. Wengine mtaendeleza.

Figo ikihisi damu inayoifikia imepungua, inamwaga renini. Renini inakata protini iliyotengenezwa na ini, inapatikana angiotensini ya kwanza, ambayo peke yake haina makali. Kisha kimeng'enya kiitwacho ACE, ambacho kimejaa hasa kwenye mapafu, kinainyofoa kidogo ikawa angiotensini ya pili. Huyu wa pili ndiye mbabe: anabana ateri ndogo mwili mzima, na anaziamrisha tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni. Aldosteroni inazuia sodiamu isitoke, maji yanabaki nayo, na potasiamu inatupwa kwenye mkojo.

Dawa za -prili zinakifunga ACE. Presha inashuka, moyo unapata nafuu, potasiamu inapanda. Hilo la potasiamu si ajabu: umempunguza aliyekuwa anaitupa. Tatizo ni kwamba ACE ana kibarua cha pili, kuivunja bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa na kuwasha njia za hewa. Ukimfunga mikono, bradikinini inarundikana. Ndiyo asili ya kile kikohozi kikavu, cha kukereketa, kisicho na makohozi, kinachompata takribani mtu 1 kati ya 10. Kinaweza kuanza baada ya siku chache au baada ya miezi. Dawa ya kikohozi haikigusi. Ukiacha -prili, kipe wiki 1 hadi 4 kiishe.

Bradikinini hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuvimbisha midomo, ulimi na koo. Hilo ni la dharura, na likishatokea mara moja, mtu huyo hatumii -prili tena maisha yake yote.

Kando kidogo: ukoo huu ulizaliwa kwenye sumu ya nyoka wa Brazil, *Bothrops jararaca*, ambayo huiangusha presha ya aliyeumwa. Kaptoprili, ya kwanza ya kumeza, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981.

-sartani hazimgusi ACE kabisa. Zinakaa kwenye kipokezi ambacho angiotensini ya pili ilitaka kukikalia. Bradikinini inaendelea kuvunjwa, kwa hiyo kikohozi hakuna. Potasiamu bado inapanda. Kuzichanganya -prili na -sartani kwa mgonjwa mmoja lilionekana wazo zuri zamani. Utafiti wa ONTARGET uliotoka 2008 ukaonyesha faida haiongezeki, ila figo zinaumia zaidi. Chagua moja.

---

Dk_Wodi3

Umeanza vizuri mkuu. Naongeza la kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua figo inachuja vipi, kwa sababu hapo ndipo dawa nzuri husimamishwa bila sababu.

Chujio la figo lina bomba la kuingizia damu na bomba la kuitolea. Angiotensini ya pili hulibana lile la kutolea, ili msukumo ndani ya chujio usishuke. Ukimpa mtu -prili au -sartani, bomba la kutolea linalegea, msukumo ndani ya chujio unapungua, na kreatinini inapanda kidogo. Huo si uharibifu. Kwa muda mrefu, kupunguza msukumo huo ndiko kunakoilinda figo, hasa ya mwenye kisukari anayepoteza protini kwenye mkojo.

Mpangilio ni huu: pima kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza, rudia baada ya wiki 1 hadi 2, na kila ukipandisha dozi. Kupanda hadi asilimia 30 kunavumiliwa. Tuseme kreatinini ilikuwa 100, sasa ni 125: endelea, rudia kipimo. Imefika 145: simama utafute sababu. Mgonjwa ameishiwa maji? Anameza diklofenaki ya mgongo bila kusema? Au ateri zinazopeleka damu kwenye figo zote mbili zimeziba kiasi kwamba figo zilikuwa zinaishi kwa huruma ya hilo bomba lililobanwa? Potasiamu ikipita 5.5 punguza dozi, ikifika 6.0 acha.

Kuna mafiga matatu yanayoipika figo: -prili au -sartani, dawa ya kupunguza maji, na dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki. Ya kwanza inalegeza bomba la kutolea. Ya pili inapunguza damu inayofika. Ya tatu inabana bomba la kuingizia. Kila figa peke yake linavumilika. Yakikutana matatu, halafu mtu akaharisha siku mbili, figo inaweza kusimama. Ndiyo maana mtu anayetapika au kuharisha sana na hanywi vya kutosha huambiwa asimamishe kwa muda -prili au -sartani, dawa ya maji, na zile za -gliflozini (za kisukari na moyo), kisha azirudie akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48.

Na ujauzito: -prili na -sartani hapana, zinaharibu figo za mtoto tumboni. Zinazotumika ni methyldopa, labetalol na nifedipini ya kuachilia taratibu. Mwanamke anayepanga kushika mimba abadilishiwe mapema, asisubiri kipimo kiseme ndiyo.

---

Kifundo_cha_Mguu

Wakuu, swali. Mtu anatumia amlodipini 10 mg, presha imekaa vizuri, lakini miguu imevimba kila jioni. Ameongezewa furosemidi wiki tatu sasa, uvimbe uko pale pale. Dawa ya maji inashindwaje na maji?

---

Mfamasia_Zamu

Kwa sababu si maji yaliyozidi mwilini, mkuu. Ni maji yaliyohamishwa.

Misuli inayozunguka mshipa wa damu hubana pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli. Amlodipini inafunga milango hiyo ya kalsiamu, misuli inalegea, mshipa unatanuka. Ila inalegeza zaidi ateri ndogo, upande unaoingiza damu kwenye kapilari. Vena ndogo, upande wa kutolea, haziguswi sana. Kwa hiyo mlango wa kuingilia umefunguliwa wazi, wa kutokea umebaki ulivyo. Msukumo ndani ya kapilari unapanda, maji yanachujika kwenda kwenye nyama, na kwa kuwa tunasimama kutwa nzima, yanaishia kwenye vifundo. Furosemidi inamkausha mtu kwenye damu huku kifundo kikibaki kama mto. Anachopata ni kizunguzungu na potasiamu iliyoshuka.

Cha kufanya: rudisha amlodipini 5 mg, maana uvimbe hufuata dozi, na ongeza -prili au -sartani kidogo. Hizo zinatanua na upande wa vena, kapilari zinapata pa kupumulia. Presha inabaki chini na mguu unaingia kwenye kiatu. Lakini kwanza hakikisha ni uvimbe wa amlodipini kweli. Unaokuja na kukosa pumzi ukilala chali, au wa mguu mmoja tu wenye maumivu, ni habari nyingine, na hauwezi kusubiri.

---

Dk_Wodi3

Nakazia hapo kwa mkuu wa swali: kumwongezea mtu dozi ya dawa moja hadi kileleni si hesabu nzuri. Uchambuzi uliokusanya majaribio 42, uliochapishwa 2009, ulikuta kuongeza dawa ya ukoo mwingine hushusha presha takribani mara 5 zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya ile ile. Madhara nayo hupanda na dozi, kama hicho kifundo. Mbili kwa dozi ndogo, kwa watu wengi, ni bora kuliko moja iliyosukumwa mwisho.

Jambo jingine ambalo lingepaswa kuwa limekufa: kutoboa kapsuli ya nifedipini ya haraka na kuidondoshea chini ya ulimi kwa sababu mashine imesoma 200. Presha inaanguka ghafla, bila breki. Ubongo na moyo vilivyozoea msukumo mkubwa vinakosa damu. Watu wamepata kiharusi na mshtuko wa moyo kwa njia hiyo. Mashine ikisoma 200 na mtu hana dalili yoyote, haina haja ya kushushwa ndani ya dakika. Dozi zake hupangwa upya na presha ikashuka kwa siku kadhaa. Akiwa na maumivu ya kifua, kupooza upande, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi, pa kwenda ni hospitali ambako hushushwa kwa dripu, kwa vipimo.

---

Mapigo_60

Nichukue beta bloka, yaani ule ukoo wa -ololi.

Kwenye moyo kuna vipokezi vya beta ya kwanza, ambavyo adrenalini ikivigusa moyo hupiga haraka na kwa nguvu. Kwenye njia za hewa kuna vya beta ya pili, ambavyo huzitanua. Propranololi inafunga vyote, na ndiyo maana mwenye pumu akipewa anaweza kushikwa vibaya. Bisoprololi, metoprololi na atenololi zinaegemea beta ya kwanza. "Zinaegemea", si zaidi ya hapo. Dozi ikipanda ubaguzi huo unafifia.

Atenololi hutolewa na figo, kwa hiyo figo ikidhoofika inarundikana na mapigo yanashuka mno. Metoprololi huvunjwa na ini. Mtu huyo huyo, dozi hiyo hiyo, figo zimebadilika: dawa imekuwa nyingine.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini: sukari ikishuka, mwili hupiga kengele kwa adrenalini, ndiyo ule mtetemeko na moyo kwenda mbio. Beta bloka inazima kengele hizo. Jasho halizimwi, kwa sababu njia yake ni nyingine. Afundishwe kwamba akitokwa jasho ghafla bila sababu, apime sukari.

Kuacha ghafla ni kosa kubwa kuliko yote hapa. Vipokezi vikifungwa muda mrefu, seli hujitengenezea vingine vya ziada. Ukiacha leo, kesho adrenalini inakuta milango mingi kuliko ya mwanzo: moyo unakimbia, presha inapaa, na mwenye mishipa ya moyo iliyobana anaweza kupata shambulio. Hupunguzwa taratibu kwa wiki 1 hadi 2. Pakiti isiachwe iishe.

Kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, zamani beta bloka ilikatazwa kabisa. Sasa ni nguzo, ila huanzwa kwa unyenyekevu. Bisoprololi 1.25 mg mara moja kwa siku, maradufu kila wiki 2 kama anavumilia, lengo 10 mg. Karvediloli 3.125 mg mara mbili kwa siku, lengo 25 mg mara mbili. Usianze mtu akiwa amejaa maji. Mkaushe kwanza. Wiki za mwanzo anaweza kujisikia mchovu zaidi, aambiwe mapema, la sivyo atazitupa.

Na usimwekee beta bloka pamoja na verapamili, ambayo nayo inafunga milango ya kalsiamu, ila zaidi kwenye moyo. Zote mbili zinapunguza umeme kwenye kituo cha kati cha moyo, na zikisaidiana moyo unaweza kusimama kwa sekunde au zaidi. Diltiazemu ni ndugu yake, tahadhari ile ile. Amlodipini na beta bloka hazina ugomvi, maana amlodipini haijishughulishi na umeme wa moyo.

---

Jioni_Tulivu

Niliona mahali kwamba dawa zote za presha zinywewe usiku ndiyo zinakinga moyo zaidi. Ni kweli?

---

Mfamasia_Zamu

Lilivuma sana hilo. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotoka 2022 ukiwa na watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Kunywa saa ambayo hutaisahau. Isipokuwa dawa za maji: hizo asubuhi, vinginevyo utalala chooni.

---

Mrija_wa_Henle

Dawa za maji, kwa kifupi na kwa urefu panapostahili.

Haidroklorothiazidi na indapamidi zinafanya kazi karibu na mwisho wa mrija wa figo, ambako sodiamu iliyobaki ni kidogo. Ndiyo maana hazikojozi sana, ila zinashusha presha vizuri. Dozi ndogo inatosha: haidroklorothiazidi 12.5 hadi 25 mg. Ukienda 50 unaongeza zaidi matatizo kuliko faida: potasiamu na sodiamu chini, asidi ya yuriki na sukari juu. Mwenye gauti atakujua. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa wiki mbili baada ya kuanzishiwa, pima sodiamu kabla ya kusema ni uzee.

Furosemidi inapiga sehemu pana ya mrija, kile kitanzi cha Henle upande wa kupandia, ambako karibu robo ya sodiamu yote hurudishwa mwilini. Ikifungwa hapo, mkojo unafunguka kweli kweli. Ina tabia mbili ambazo wengi hawazielewi.

Moja, ina kizingiti. Chini ya kiwango fulani ndani ya mrija haifanyi chochote. Ikikivuka inafanya kazi. Ikishafika kilele chake, ukizidisha haiongezi kitu. Mtu ambaye 40 mg haimkojozi hata baada ya saa mbili hasaidiwi kwa kupewa 40 nyingine jioni, kwa kuwa hata hiyo haitavuka kizingiti. Anahitaji 80 kwa mara moja. Figo ikiwa dhaifu kizingiti kinapanda, kwa sababu dawa inayofika ndani ya mrija ni chache.

Mbili, utumbo unainyonya bila mpangilio, wastani wa nusu tu. Ndiyo maana 40 mg ya kumeza hulinganishwa na 20 mg ya sindano. Hufanya kazi takribani saa 6, kisha mrija uliokauka unaanza kushika sodiamu kwa pupa. Ukila chumvi nyingi baada ya hapo, unarudisha yote uliyoyakojoa.

Kipimo bora cha furosemidi nyumbani ni mizani. Jipime kila asubuhi, baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, nguo zile zile. Kilo 2 ndani ya siku 3 si unene, ni maji. Piga simu kliniki siku hiyo.

Spironolaktoni ni ya ukoo mwingine: inamziba mdomo aldosteroni mwenyewe. Inabakiza potasiamu, kwa hiyo ukiichanganya na -prili kipimo kiwe wiki ya 1 na wiki ya 4, si "tutaonana baada ya miezi sita". Kwa moyo ulioshindwa ni 25 mg, haina haja ya zaidi ya 50. Kwa kuwa inagusa na vipokezi vya homoni za kiume, mwanaume 1 kati ya 10 hivi hupata matiti kuuma au kukua. Ni kitu ambacho hatakwambia usipouliza. Eplerenoni haina sana tabia hiyo. Na ile chumvi mbadala ya kupunguza sodiamu ina potasiamu nyingi. Kwa mtu huyu ni hatari.

---

Dk_Wodi3

Kidogo kuhusu nitrogliserini ya chini ya ulimi, ile ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, maana hutumiwa vibaya.

Haimezwi, kwa sababu ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye moyo. Chini ya ulimi inaingia kwenye damu moja kwa moja, ndani ya dakika 1 hadi 3. Inatoa oksaidi ya naitrojeni, vena zinatanuka, damu inayorudi moyoni inapungua, na moyo unapunguziwa mzigo. Kwa hiyo kaa kabla ya kuiweka. Ukisimama, damu inabaki miguuni na unaanguka. Kichwa kuuma ni dalili kwamba dawa ni nzima. Maumivu yasipopungua dakika 5 baada ya kidonge cha kwanza, ita gari la wagonjwa hapo hapo, ukiendelea na cha pili na cha tatu kwa nafasi ya dakika 5.

Vidonge vikae kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa, bila pamba. Dawa hii inaruka hewani. Ukivihamishia kwenye kile kiboksi cha plastiki cha siku saba, siku ya shida utamung'unya chokaa.

Nitrati za muda mrefu, yaani ndugu zake kama isosorbidi, zinazoeleka mwilini zikikaa saa 24. Lazima kuwe na pengo la saa 10 hadi 12 kila siku, kwa kawaida usiku. Na aliyemeza sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, hagusi nitrati yoyote kwa saa 24. Tadalafili, saa 48. Dawa hizo na nitrati zinasukuma njia moja, presha inaweza kuporomoka hadi mtu azimie asiamke.

---

Sahani_Ndogo

Upande wa damu kuganda. Watu wanaita zote "dawa za kuyeyusha damu", na hakuna hata moja kati ya hizi za kumeza inayoyeyusha kitu. Zinazuia bonge jipya lisijengeke, au lililopo lisikue.

Kwenye ateri, bonge huanza na chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) kushikana juu ya ufa wa mafuta. Aspirini 75 hadi 100 mg inafunga kimeng'enya cha chembe sahani na hakifunguki tena. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo imezimwa kwa maisha yake yote ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana dozi ndogo mara moja kwa siku inatosha, na ndiyo maana kabla ya upasuaji fulani huachwa wiki nzima. Anayeshukiwa shambulio la moyo hutafuna 300 mg, asimeze nzima. Ibuprofeni inaweza kukaa kwenye kiti cha aspirini na kuizuia: tanguliza aspirini angalau dakika 30, au kama ibuprofeni imetangulia, subiri saa 8.

Klopidogreli, nayo ya kuzuia chembe sahani, huingia ikiwa imelala, ini ndilo linaloiamsha. Omeprazoli inamzuia mwamshaji huyo. Ikihitajika dawa ya tumbo, pantoprazoli ni salama zaidi.

Kwenye moyo unaopiga ovyo na kwenye vena, hadithi ni ya protini za kugandisha zaidi kuliko chembe sahani. Warfarini inazuia kurejeshwa kwa vitamini K, na bila hiyo ini linatoa protini za kugandisha zilizo butu: ya II, VII, IX na X. Lakini zile nzuri zilizokuwa tayari kwenye damu lazima ziishe zenyewe. Ya VII inaisha haraka, nusu yake ndani ya saa 6 hivi. Ya II huchukua siku mbili hadi tatu. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inapanda siku ya pili au ya tatu kwa sababu ya VII tu, watu wanashangilia, kumbe mgonjwa bado hajalindwa. Kwa hiyo mwenye bonge la damu huendelea na heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, angalau siku 5, na hadi INR iwe 2 au zaidi kwa saa 24.

Lengo kwa wengi ni INR 2 hadi 3. Antibiotiki kama metronidazoli na kotrimoksazoli zinaipandisha, mara nyingine ndani ya siku chache. Rifampisini, dawa ya TB, inaishusha vibaya, na ikiachwa INR inaruka juu. Mboga za majani hazikatazwi. Kinachovuruga ni kula leo sinia zima na wiki ijayo hakuna.

Rivaroksabani na apiksabani hazihitaji INR, zinafunga protini ya X moja kwa moja. Rivaroksabani ya 15 na 20 mg lazima na chakula, bila hivyo hainyonywi vya kutosha. Rifampisini inaziua nazo. Mwenye valvu ya chuma, au valvu ya mitrali iliyobana kwa homa ya baridi yabisi, anabaki na warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulilithibitisha hilo la pili.

---

Mfamasia_Zamu

Statini zina mistari michache tu. Zinazuia ini kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa linatoa vipokezi vingi zaidi vya kuvuta LDL, ile kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu. Hiyo ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kila ukiongeza dozi maradufu unapata asilimia 6 tu ya ziada, kwa hiyo kutoka 40 hadi 80 si safari kubwa. Simvastatini usiku, kwa sababu haikai mwilini. Atorvastatini na rosuvastatini saa yoyote. Simvastatini na amlodipini pamoja: isizidi 20 mg. Ukiandikiwa antibiotiki ya klarithromisini, simamisha simvastatini hadi umalize. Misuli ikiuma pande zote mbili na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia nyeusi, acha na uende siku hiyo hiyo.

---

Kifundo_cha_Mguu

Ahsanteni sana, kifundo kimeeleweka. La mwisho: kwa nini anayetumia digoksini na furosemidi anapimwa potasiamu kila mara, hata kama figo zake ni nzima?

---

Mapigo_60

Kwa sababu digoksini na potasiamu zinagombea kiti kimoja. Digoksini hukaa kwenye pampu inayotoa sodiamu nje ya seli ya moyo na kuingiza potasiamu. Pampu ikipunguzwa kasi, sodiamu inabaki ndani, kalsiamu inashindwa kutoka, na moyo unabana kwa nguvu zaidi. Potasiamu ya kwenye damu hukalia pampu hiyo hiyo, upande wa nje, na kuipunguzia digoksini nafasi. Furosemidi ikiikojoa potasiamu, viti vinabaki wazi, na digoksini ile ile ya jana inashika kwa nguvu zaidi. Damu ikipimwa, kiwango cha digoksini kinaweza kusoma kawaida, na mtu tayari ana sumu.

Dalili za mwanzo ni za tumbo: chakula hakitamaniki, kichefuchefu. Kisha macho kuona vitu vya manjano au taa zenye duara, na mapigo kwenda chini au kupotea mpangilio. Kiwango kinacholengwa kwa moyo ulioshindwa ni 0.5 hadi 0.9 nanogramu kwa mililita, na damu ichukuliwe angalau saa 6 baada ya kidonge, la sivyo utasoma dawa ambayo bado inasambaa. Akiongezewa amiodaroni (dawa ya mapigo yaliyovurugika) au verapamili, digoksini ikatwe nusu siku hiyo hiyo.